Kigae nilichotoka nacho Kilwa

"Anti, chukua hiki."

Mtoto wa miaka nane hivi kasimama mbele yangu, kaptula imelowa mpaka kiunoni, mkono kaunyoosha. Kwenye kiganja kuna kipande cha chombo kilichovunjika, ukubwa wa kiberiti, upande mmoja una rangi ya kijani kama bahari ya asubuhi, upande wa pili ni udongo mweupe unaoelekea kijivu. Nikakishika. Kilikuwa kizito kuliko nilivyodhani, kingo zake zimelainika kama sabuni iliyotumika sana, na ndani ya ile rangi kuna nyufa nyembamba nyembamba, kama yai la kuchemsha ukiligonga kabla hujalimenya.

Tulikuwa Kilwa Kisiwani, hatua chache tu kutoka msikiti mkubwa, maji yanaanza kupwa na nahodha ananipungia mkono niharakishe, maana mashua ikikaa mchangani ndio hatutoki mpaka yajae tena. Nikamwambia yule mtoto ahsante baba. Nikakitia kwenye mfuko mdogo wa begi, ule ninaowekaga chaja ya simu.

Hizo ni wiki tisa zilizopita, na sijakaa vizuri tangu siku hiyo.

Listi ya Mwanza

Nisingeandika chochote kama sio shosti wangu wa Mwanza. Alinitumia voisi ya dakika nne, anachukua likizo Desemba, yeye na mumewe na watoto wawili, anataka pwani. "Na usiniambie Zanzibar halafu ukanyamaza, Zanzibar kila mtu anaijua, nipangie pwani yote wewe si ndio mwenye mambo hayo."

Ni kweli ndio mwenye mambo hayo. Pwani yetu ina zaidi ya kilomita 1,400 na nimeizunguka kwa mabasi, kwa boti, na kwa miguu pale ambapo gari haliendi, kwa hiyo nikakaa kitandani nikaanza kuandika huku nafurahi.

Nikaanza na Tanga, kwa sababu Tanga ni mji unaokupa nafasi ya kupumua, barabara pana, baiskeli nyingi, jioni unakaa Raskazone unaangalia kisiwa cha Toten na maji hayana haraka. Mapango ya Amboni watoto watayapenda. Halafu washuke Pangani, wavuke mto na kivuko, wakodi boti wakaone Maziwe, na hapo nikamwandikia wazi kwamba Maziwe ni fungu la mchanga sasa, zamani kulikuwa na mivinje na kasa walipanda kutaga, miti ikaisha na bahari ikala kisiwa, siku ya bamvua maji yakijaa kinafunikwa chote. Nenda nao hivyo hivyo, wakasimame juu ya kitu kinachoondoka.

Bagamoyo siku moja inatosha kama unatokea Dar, ila usiende ukaishia kula samaki hotelini.

Unguja nikasema siku tatu, mbili kati ya hizo ziwe Mji Mkongwe na sio ufukweni, wapotee kwenye vichochoro mpaka wachoke. Beit al-Ajaib, lile Jumba la Maajabu, nilimwambia ajiandae kuumia, mimi tangu upande ule uporomoke tarehe 25 Desemba 2020 sijaweza kupita Forodhani bila kuinua macho kwanza na kuyashusha. Pemba nikaiandikia zaidi ya Unguja, najua wengine mtabisha lakini mimi Pemba ndio moyo wangu, ile harufu ya karafuu zimeanikwa kwenye majamvi pembezoni mwa barabara kutoka Mkoani kwenda Chake, na msitu wa Ngezi, na popo wa Pemba ambao hawapatikani kokote duniani ila pale.

Mafia nayo ndani. Boti ya Nyamisati mpaka Kilindoni, na Desemba ni msimu wa papa potwe, wanaonekana kuanzia Oktoba mpaka Machi.

Nikafika Kilwa. Nikaandika "Kilwa" halafu kidole kikabaki juu ya simu.

Kigae kilikuwa juu ya kabati la vyombo jikoni, karibu na chumvi. Nilikuwa nakiona kila nikipika.

Kisiwa cha kitambaa

Tuongee Kilwa kidogo, mnivumilie.

Ile hadithi ya kununua kisiwa wengi mnaijua kwa juu juu. Tarikh ya Kilwa, ile historia ya kale ya mji, inasema yule aliyekuja kutoka Shirazi alikinunua kisiwa kwa kitambaa, kitambaa cha kutosha kukizunguka chote, na mwenyeji akachukua kitambaa chake akahamia bara. Kinachonigusa mimi ni kipande kinachofuata: wakati huo maji yakipwa watu walikuwa wanavuka kwa miguu, yule mwenyeji akawa anangoja siku arudi kukichukua kwa nguvu, wageni wakachimba ule mkono wa maji mpaka mahali pakawa kisiwa kweli. Sijui wewe unaisikiaje hadithi hiyo. Mimi kila nikivuka kutoka Kilwa Masoko, mji wa upande wa bara, nainama naangalia maji yale, nawaza kitambaa kilikuwa rangi gani.

Ibn Battuta alifika 1331 akausifu mji na akamsifu zaidi sultani, al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib, baba wa vipawa, kwa sababu ya mkono wake kutoa. Ndiye mwenye Husuni Kubwa, jumba lile lililo juu ya mwamba lenye vyumba zaidi ya mia na birika la pembe nane, ukisimama ukingoni unaona chombo chochote kinachoingia. Dhahabu ya Sofala, huko Msumbiji, ilipita hapa. Vyombo vya Uchina viliingia hapa. Sarafu za shaba zilipigwa hapa hapa kisiwani, na tano kati yake askari mmoja aliziokota 1944 huko visiwa vya Wessel, kaskazini kabisa mwa Australia, zimefikaje mpaka leo watu wanabishana.

Msikiti nao. Upande wa kaskazini ndio wa zamani, karne ya 11, na ule wa kusini wenye makuba uliongezwa karne ya 14. Ingia saa tisa jioni, jua likiwa limeinama, uguse nguzo. Ni matumbawe. Yalikatwa baharini yakiwa laini bado, yakachongwa, yakagandishwa kwa chokaa iliyochomwa kutoka matumbawe yale yale, yaani mji mzima umetoka majini. Ukiangalia karibu unaona vijitundu vya nyota nyota vya yule mdudu aliyeishi ndani yake.

Mreno alikuja kuutoza kodi 1502, akaupora 1505, na baada ya hapo mji haukuwa tena ule.

Mahali kama hapo ndipo nilipotia kitu kwenye begi, mfuko wa chaja.

Si nilipewa

Hiyo ndio ilikuwa hoja yangu wiki za mwanzo. Sikuokota, sikuchimba, nilipewa. Mtoto wa watu kakupa kitu kwa mkono wa kulia, kwetu hurudishi. Na vigae viko vingi kule, unatembea unavikanyaga, vya nyekundu vya kupikia, vya buluu, vya kijani, kimoja kitapunguza nini.

Halafu nikaanza kuhesabu bila kupenda. Siku ile tulikuwa wageni kumi na mmoja kwenye mashua mbili. Kila mmoja na kimoja tu.

Nikaenda makumbusho pale Posta, Dar, Jumamosi, nikasingizia kwamba nampeleka mpwa wangu. Vitu vya Kilwa vipo kwenye vioo, sarafu, shanga, vyombo. Kilikuwepo kipande cha kijani kile kile. Sio kinachofanana, nasema kile kile, nyufa zile zile za yai. Kina maandishi pembeni, na mimi changu kina chumvi pembeni.

Mpwa wangu akauliza, "Anti mbona umenyamaza?"

Sheria yenyewe ya mambo ya kale ya 1964 naijua, na kabla hujavuka Masoko unalipia kibali na unaambiwa usitoe kitu. Niliambiwa. Nilitikisa kichwa kwamba nimesikia.

Vishimo vya Kunduchi

Kilichonivunja sio makumbusho, ni Kunduchi.

Watu wa Dar tunapita Kunduchi kwenda kuogelea na kula samaki, magofu yako pale pale nyuma, chini ya mibuyu, na nadhani wengi wetu hatujawahi kuingia. Mimi mwenyewe ilikuwa imepita miaka kama sita sijaingia. Nilienda Jumapili moja asubuhi mapema kabla jua halijawaka, nyasi zina umande, kimya, kuna jogoo tu upande wa kijijini.

Makaburi ya nguzo ya pale yalipambwa kwa mabakuli ya Uchina. Walipokuwa wanajenga, chokaa ikiwa mbichi, walikandamiza bakuli zima ndani, mdomo umeangalia nje, ili jua likipiga nguzo ing'ae. Nikasimama mbele ya nguzo moja. Bakuli halipo. Kuna kishimo cha duara, safi, na chini katikati kuna alama ya kitako cha bakuli, kijiduara kidogo ndani ya duara kubwa, chokaa imeshika umbo mpaka leo. Nikaingiza vidole. Pembeni kuna mikwaruzo, mtu aliingiza chuma akabenjua.

Nguzo inayofuata, hivyo hivyo.

Mengine yalitolewa na wataalamu yakahifadhiwa, sawa, hilo nalijua. Lakini ile mikwaruzo sio ya mtaalamu. Kuna mtu alisimama pale nilipokuwa nimesimama, akaangalia kaburi la mtu, akaona kitu kizuri, na moyoni akasema ni kimoja tu.

Nilikaa kwenye mzizi wa mbuyu muda mrefu.

Niwaambie waende au niwafiche

Sasa tatizo likawa limegeuka. Mwanzo lilikuwa kigae, sasa likawa ile listi. Shosti ananiuliza kila siku vipi umemaliza, na mimi nawaza nikimwambia aende Kilwa naye atawaambia wenzie wa ofisini, watapiga picha, zitaenda stetasi, na mikono itaongezeka. Kuna usiku nilifuta kabisa neno Kilwa, nikaruka kutoka Mafia mpaka Mikindani kana kwamba katikati hakuna kitu.

Nikakumbuka Mafia. Mara ya mwisho nilipoenda kuona papa potwe, kijana anayetuongoza alitukalisha kwenye boti kabla injini haijawashwa akatuambia kwa ukali, "Humgusi. Hata akija mwenyewe kwako, unarudi nyuma, mikono kifuani." Na yule mnyama akaja kweli, madoa yake meupe mgongoni kama kanga, mdomo wazi unaingia maji, urefu unapita boti yetu, na sote tulikunja mikono kifuani majini kama watoto wa shule. Hakuna aliyenung'unika. Ile hifadhi ya bahari ipo tangu 1995, na watu wanaenda, wanaona, wanatoka mikono mitupu na ndio siku wanayoisimulia miaka yote.

Kwa hiyo mtu anaweza kwenda akarudi bila kitu. Mimi ndiye nilishindwa.

Na upande mwingine, kuficha nako ni kumwonea nani? Kilwa Kisiwani na kisiwa jirani cha Songo Mnara, chenye magofu pia, ziliingia kwenye urithi wa dunia 1981, zikawekwa kwenye orodha ya hatari 2004 maana bahari ilikuwa inazila, zikatolewa kwenye orodha hiyo 2014, na katikati hapo walioshika kazi ni watu wa pale, kupanda mikoko, kuziba kuta, kung'oa miti iliyoota juu ya mapaa. Kina mama wa kisiwani wanauza ukili, vijana wanaongoza wageni, nahodha anategemea nauli. Niwafungie mlango kwa sababu mimi nina doa?

Nikaandika upya. Kilwa siku tatu. Ya kwanza Kisiwani, mchukue kiongozi wa pale pale msiende peke yenu. Ya pili Songo Mnara, muulize maji kabla ya kupanga maana mnashuka kwenye mikoko na kutembea matopeni, watoto wavae viatu vya kufunga, ule mji una njia na nyumba na kuta mpaka unategemea mtu atatoka mlangoni. Ya tatu Kilwa Kivinje, ule mji wa zamani wa upande wa bara, na msipapite mbio, milango ile ya kuchonga inaoza na nyumba zinaanguka moja moja, na muulizieni Mwembe Kinyonga, hapo ndipo Mjerumani alipomnyonga Hassan bin Omari Makunganya kwa kumpinga, 1895. Watoto waambiwe.

Chini kabisa nikaandika: msichukue kitu, hata mkipewa.

Nikaisoma. Sikuweza kuituma. Unamwandikiaje mwenzio hivyo na kigae kiko jikoni kwako.

Basi la saa kumi na mbili

Nilipanda basi Mbagala, kigae nimekifunga kwenye kitambaa cha leso nimekipakata. Ikwiriri, Daraja la Mkapa, Somanga, wale kina mama wa Somanga na samaki wao wa kukaanga dirishani, Nangurukuru nikashuka, bajaji mpaka Masoko.

Kwenye ofisi ya mambo ya kale alikuwepo mzee mmoja mtaratibu. Nikamwamkia, nikafungua leso juu ya meza, nikamweleza yote. Sikupunguza. Nilitegemea anifokee, kusema kweli nilitaka anifokee. Alikigeuza geuza, akakipeleka dirishani kwenye mwanga, akasema, "Mchina huyu." Halafu akafungua daftari.

"Kimetoka wapi hasa?"

Nikasema Kisiwani, karibu na msikiti.

"Karibu na msikiti upande gani, mwanangu? Kilikuwa juu ya ardhi? Kwenye shimo? Ndani ya ukuta?"

Nikabaki namwangalia. Sijui. Sikumuuliza mtoto hata swali moja. Yule mzee akaniambia taratibu kabisa, kama anayemfundisha mtu, kwamba kigae kikijulikana kilipolala kinaweza kumwambia mtaalamu nyumba ile ilikuwa na mwaka gani na mwenyewe alikula na nani, na kikishatoka mahali pake kinabaki kizuri tu.

Akaandika tarehe. Mstari wa mahali akauacha wazi.

Nikalipia kibali nikavuka. Upepo ulikuwa mzuri, nahodha hakuwasha injini, alipandisha tanga tukafika maji yakiwa yamejaa. Mtoto nilimkuta kwa kuulizia tu, nikasema yule anayeokota vigae, kila mtu akacheka akanionyesha. Alikuwa na kaptula ile ile na imelowa vile vile.

"Anti umerudi! Changu unacho?"

Nikamwambia nimekipeleka ofisini Masoko wakitunze. Akafikiri kidogo, hakuonekana kukasirika. Nikamuuliza, siku ile ulikitoa wapi?

Akanishika mkono. Hatukwenda msikitini. Tulishuka, tukaipita Gereza, ile ngome ya ufukweni, mpaka chini ukutani ambapo bahari inagonga, akaingia kwenye maji mpaka kiunoni akanionyesha ukingo wa ardhi. Wimbi likija linachukua udongo kiganja kimoja, likirudi linaacha kitu kimechomoza. Kipande chekundu. Kingine. Ushanga. Mji unatoka kidogo kidogo pembeni, unaanguka majini.

"Hapa, anti. Vikianguka navidaka. Nisipovidaka vinakwenda."

Nilisimama pale maji yananipiga magotini, na miezi yote nilikuwa namuwaza mtoto huyu kama mtu anayetoa vitu mahali pake.

Nikatoa simu nikampigia yule mzee wa ofisini, mtandao unakatika katika kwa upepo. Nikamwambia andika: chini ya Gereza, upande wa maji, ukingoni wimbi linapokula. Nikasikia kalamu. Akauliza amekiokota nani.

Nikampa mtoto simu. Akasimama wima ndani ya maji, akalitaja jina lake, la baba yake, na la babu yake.